Siku ya sita bila choo: je, Neema ana chango?

Kwako Sista,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Neema, aliyetimiza wiki saba jana Jumanne. Leo ni siku ya sita hajapata choo, na wasiwasi hauniachi nilale hata yeye akilala.

Mwanzoni hakuwa hivi. Wiki zile za kwanza kila alipotoka kwenye titi alikuwa ameshachafua nepi, mara saba au nane kwa siku, mpaka kamba ya kuanikia ya ploti nzima ikawa kama yangu peke yangu. Choo chenyewe kilikuwa chepesi, cha njano kama kilichotiwa bizari, na kina chembechembe. Tulipompeleka kliniki ya wiki sita alipimwa akawa na kilo 4.4, naye alizaliwa na kilo 3.1. Akachanjwa. Siku mbili baadaye akapata choo kingi, na tangu hapo kimya.

Ananyonya titi tu, mchana na usiku. Nepi zilizolowa mkojo nabadilisha saba, wakati mwingine nane kwa siku. Ameanza kutabasamu. Lakini kila alfajiri kama saa kumi na moja anajikaza, uso unaiva, anakunja miguu, anaguna kama mtu aliyebebeshwa gunia, analia dakika kumi hivi, kisha anajamba na kurudi kulala.

Mama mkwe, aliyetoka Voi kuja kunikanda, anasema hilo ni chango. Yeye amelea watoto sita. Nilipokuwa naoga alimpa vijiko viwili vya maji ya sukari, na aliniambia mwenyewe, hakunificha. Juzi alichonga kipande cha sabuni ya kufulia kikawa chembamba kama kijiti ili amtie nyuma. Nikamwomba tungoje baba mtoto atoke zamu ya usiku. Jirani wa mlango wa pili ameleta dawa ya gesi ya chupa kutoka kemisti, na mwingine ananilaumu kwa maharagwe ninayokula.

Mama mkwe ananipenda na mimi nampenda. Sitaki kumvunjia heshima, lakini moyo unaikataa ile sabuni. Nifanye nini?

Mama Neema, Kayole

*

Mama Neema,

Irudishe sabuni kwenye karai la nguo. Kwa haya uliyoniandikia, Neema hajafunga choo, na hilo linaloitwa chango silioni. Ninachokiona ni mtoto wa wiki saba anayenyonya titi pekee na kukua vizuri, na akina mama wenye hadithi kama yako nimewapokea kliniki miaka yangu yote ya kazi. Ila kuna swali moja ambalo barua yako haikulijibu. Nitalifikia, na tafadhali usiache kusoma kabla hujafika hapo, maana jibu lake linaweza kubadilisha ushauri wangu.

Kwanza tuelewe kwa nini kimya hiki kimeanza sasa. Maziwa ya siku za mwanzo, dang'a, yana kazi ya kumsafisha mtoto tumbo. Ndiyo yanayosukuma nje choo cha kwanza kile cheusi chenye kunata kama lami, ambacho mtoto alikikusanya akiwa bado tumboni mwako. Siku ya pili na ya tatu choo hubadilika kuwa cha kijani kibichi, na kufikia siku ya nne au ya tano kinakuwa cha njano, kama ulivyokieleza. Katika wiki hizo tumbo la mtoto huamka kila anapoanza kunyonya, ndiyo maana titi na nepi chafu hufuatana. Kisha, karibu na wiki ya sita, mambo hupoa. Dang'a limekwisha zamani, matumbo yamekomaa kidogo, na maziwa yako yanatumika karibu yote mwilini mwake. Hayana makapi ya kutupwa kama ugali na sukuma. Kuna mtoto wa umri huu atakayeendelea kuchafua nepi tano kwa siku, na kuna atakayekaa wiki nzima, hata siku 10, na wote wawili ni wazima.

Kwa hiyo usihesabu siku. Kufunga choo ni habari ya ugumu. Mtoto aliyefunga hutoa choo kikavu, vidonge kama vya mbuzi, tena kwa maumivu, hata kama anatoa kila siku. Mtoto anayekaa siku sita kisha akatoa uji laini wa njano hajafunga. Ukiwa na shaka, nitakuuliza mambo mawili kabla ya kuuliza kuhusu choo: anakojoaje, na uzito wake unapandaje? Neema ameongeza kilo 1.3 katika wiki sita, karibu gramu 30 kwa siku, na ndivyo tunavyotaka mtoto wa umri wake aongezeke. Nepi saba zilizolowa zinaniambia maziwa yanaingia, kwa sababu tunatarajia angalau sita kwa siku. Na umefanya vyema kutumia nepi za kitambaa. Pampasi hunyonya mkojo hata mama asijue kama mtoto amekojoa. Anayezitumia azipime kwa mkono: amwage vijiko vikubwa vitatu vya maji kwenye pampasi kavu, ausikie uzito wake, hapo atajua iliyolowa kweli ikoje.

Hapa niwaambie wengine mnaosoma: jibu hili si la mtoto wa wiki mbili. Katika mwezi wa kwanza, mtoto anayenyonya ambaye hapati choo kwa siku kadhaa, na nepi zake ni kavu au uzito haupandi, huenda hapati maziwa ya kutosha. Huyo apelekwe kliniki siku hiyohiyo akapimwe na mama aangaliwe namna anavyomweka kwenye titi. Mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, lakini anapofikisha wiki mbili hivi anatakiwa awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Na mtoto wa maziwa ya mkebe naye ana mambo yake: choo chake ni kizito zaidi, kinanuka zaidi, na kikikauka jambo la kwanza kutazama ni kama poda inazidishwa. Kijiko kijae sawasawa bila kilima, na maji yapimwe kwanza.

Sasa turudi kwa yale ya alfajiri, kwa sababu najua ndiyo yanayokutisha. Kupata choo kunahitaji vitu viwili vifanyike pamoja. Tumbo lisukume, na mlango wa nyuma ulegee. Mimi na wewe tulijifunza zamani tukasahau. Neema bado. Anasukuma kwa nguvu zote huku mlango ameubana, na kwa kuwa amelala chali hana msaada wa uzito wake mwenyewe. Analia kwa sababu kulia kunakaza tumbo, na kukaza ndiko anakokutafuta. Dakika 10, hata 20, kisha hewa inatoka au choo kinatoka, laini, naye ametulia. Watoto wengi wa chini ya miezi sita hupitia haya, na huisha yenyewe bila dawa, siku mwili unapojua kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja.

Ndiyo sababu naikataa sabuni, na si sabuni tu bali pia kipimajoto, kijiti cha pamba na vidonge vya gliserini anavyotiwa mtoto nyuma bila daktari kusema. Ngozi ya ndani pale ni nyororo kuliko ya mdomo wake, na sabuni ya kufulia ina magadi. Nimewahi kumsafisha mtoto wa miezi miwili aliyeletwa na kidonda pale nyuma, na mama yake alilia kuliko yeye, kwa sababu alikuwa amefanya alivyoelekezwa na watu aliowaamini. Hata pasipokuwa na kidonda kuna hasara nyingine. Choo hutoka kwa kuchokonolewa, mtoto anazoea kungoja kuchokonolewa, na kile alichokuwa anajifunza alfajiri hakijifunzi.

Kuhusu maji ya sukari: vijiko viwili havijamwua, wala usimnunie mama mkwe kwa hivyo. Lakini visirudiwe. Maziwa yako yana maji asilimia 87 hivi, kwa hiyo hata jua la Kayole likiwa kali mtoto hahitaji mengine hadi atimize miezi sita. Kila kijiko cha maji kinachukua nafasi ya maziwa katika tumbo dogo sana, na maji ya mtungi tunayonunua mitaani mara nyingi hatujui yametoka bomba gani. Kama kuna asali ndani ya nyumba, nayo ikae mbali na mtoto kabisa mpaka atimize mwaka mmoja. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ndani ya matumbo ya mtoto mchanga na kumlegeza misuli, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni hiyohiyo ya kukosa choo. Fikiria mtoto anapewa asali ili apate choo, kisha asali ndiyo inayomfunga.

Dawa ya gesi ya chupa, hiyo gripe water, nayo mrudishie jirani kwa shukrani. Ilianzia Uingereza mwaka 1851, na kwa miaka mingi ilitiwa pombe, ndiyo maana watoto walikuwa wakitulia. Pombe iliondolewa, jina likabaki. Hakuna ushahidi wa maana kwamba inamsaidia mtoto kupata choo. Na maharagwe yako kula, pamoja na kabeji na managu. Gesi iliyo tumboni mwako haifiki kwenye maziwa, na mama anayenyonyesha akikatazwa kila chakula cha bei nafuu atakula nini?

Sasa swali langu. Choo cha kwanza cha Neema, kile cheusi kama lami, kilitoka lini? Hukuniandikia, na wengi hawakumbuki kwa sababu siku ya kujifungua ina mengi. Karibu watoto wote waliotimiza miezi yao tumboni hukitoa ndani ya saa 24. Kama kilitoka wodini kabla hujaruhusiwa kwenda nyumbani, au usiku ule wa kwanza, jibu langu lote hapo juu linasimama. Kama kilichelewa kupita saa 48, au kama tangu azaliwe amekuwa hapati choo mpaka achokonolewe, nenda kituo cha afya wiki hii ukaseme hivyo waziwazi hata akiwa anacheka. Kuna watoto, mmoja hivi katika kila 5,000, wanaozaliwa sehemu ya mwisho ya utumbo haina neva za kuuambia ulegee. Daktari Harald Hirschsprung wa Denmark aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886 na bado unaitwa kwa jina lake. Hautibiwi kwa kukandwa wala kwa kungoja. Hutibiwa kwa upasuaji, na unapogunduliwa mapema mtoto hukua kama wenzake. Wewe umeniambia Neema alikuwa akichafua nepi saba kwa siku bila msaada, na hilo linanipa moyo. Hata hivyo nataka hiyo tarehe.

Na kabla sijasahau rangi. Watu huniandikia kwa hofu kwa sababu ya choo cha kijani, na mara nyingi kijani si kitu. Njano, kijani, kahawia, zote ni rangi za nyongo, na nyongo ndiyo tunayotaka kuiona. Rangi ninayoiogopa ni ile isiyomtisha mtu: nyeupe, kijivu, rangi ya chaki au ya udongo wa mfinyanzi. Ina maana nyongo haifiki kwenye utumbo, pengine kwa sababu mirija yake imeziba. Mtoto wa namna hii huonekana mnene na mchangamfu wiki za mwanzo. Macho yana umanjano kidogo, watu wanasema umweke juani. Mkojo unaacha doa la njano iliyokolea kwenye kitambaa, ilhali mkojo wa mtoto mchanga hautakiwi kuwa na rangi ya maana. Upasuaji wa kufungua njia ya nyongo hufaulu zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha siku 60. Taiwan tangu 2004 kila mama hupewa kadi ya rangi za choo ndani ya kitabu cha mtoto, alinganishe mwenyewe nyumbani. Nimempokea mmoja akiwa na miezi minne, na kila aliyemwona mtaani alikuwa amemsifu afya. Sitamsahau. Neema ana siku 50 leo. Choo chake ulichonieleza kilikuwa cha njano, kwa hiyo hayumo, lakini kitakachofuata kitazame mchana, kwenye mwanga, si kwa taa ya simu.

Usingoje siku ya 10, wala usiningoje mimi, ukiona tumbo limejaa na kuwa gumu hata ukiligusa akiwa ametulia. Au akitapika kijani, ambako ni kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Au damu kwenye nepi. Au joto la mwili lifike 38. Au akikataa titi, akilegea, sauti ya kulia ikiwa hafifu kuliko kawaida. Au nepi za mkojo zipungue na utosi uingie ndani. Choo kikiwa chepesi kama maji na kikazidi kile ulichokizoea, hilo ni kuhara. Wewe unayemwosha kila siku utaijua tofauti kabla ya daktari, basi endelea kumnyonyesha na umpeleke. Asipokuwa na lolote kati ya haya, lakini siku ya 10 ikafika bado kimya, mpeleke akapapaswe tumbo, bila kukimbia.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa sababu nadhani yeye ndiye aliyekufanya uandike. Mtu aliyelea watoto sita hawezi kukaa kitako akitazama mjukuu analia, na ukimwambia tu "usimpe hiki, usimtie kile" umemwacha na mikono mitupu katika nyumba aliyokuja kusaidia. Mpe kazi anayoiweza kuliko wewe. Amekuja kukukanda, basi amkande na Neema. Nusu saa hivi baada ya kunyonya, mikono iwe na joto, aanze kitovuni, azungushe kwa upole kama mshale wa saa unavyokwenda, dakika tano. Kisha amshike miguu aiendeshe kama anayeendesha baiskeli, na alfajiri anapojikaza amkunjie magoti kuelekea tumboni ayashike hapo. Amwogeshe maji ya uvuguvugu jioni. Hayo yote hayana madhara, watoto wengi hutulia, na mikono ya bibi ina utulivu ambao mama wa mtoto wa kwanza hana kwa sasa.

Ukimweleza, usimwambie kwamba Sista amesema amekosea. Mwonyeshe kitabu cha kliniki, ile chati ya uzito, jinsi mstari unavyopanda. Mwambie, "Mama, tazama mjukuu wako anavyokua, tumpe siku chache." Nimeona bibi wengi wakilainika mbele ya mstari ule kuliko mbele ya daktari. Na baba mtoto asiachwe awe hakimu kati yenu baada ya zamu ya usiku. Mweleze mapema, akiwa ameshalala na kuamka.

Kliniki ya wiki 10 itakapofika, mwambie muuguzi siku alizokaa bila choo na ile tarehe ya choo cha kwanza, aandike kwenye kitabu. Kwa sasa tandika nepi mbili badala ya moja na uweke nguo ya kubadilisha karibu, hasa ukipanda matatu, kwa sababu choo cha siku sita kikija kitapanda mpaka mgongoni. Kikija, niandikie kilikuwa laini kiasi gani na rangi gani.

Sista